Tairi Lililoliwa kwa Ndani

Huenda mtastaajabu kuona mwalimu akiandika habari za matairi ya motokaa katika gazeti hili, ambamo mmezoea kusoma habari za shule, za kanisa, za kilimo na za malezi ya watoto. Hata mimi nalifikiri sana kabla ya kushika kalamu. Lakini jambo lililonipata mwezi wa Januari 2024, katika barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, limenifundisha mambo mawili: moja la ufundi, na la pili la moyo. La ufundi litawafaa wote wenye vyombo vya magurudumu, nao siku hizi ni wengi katika nchi yetu ya Buha. La moyo nitaliweka mwisho, kwa kuwa hata kwangu lilikuja mwisho.

Motokaa yangu nalinunua Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2022, baada ya kuweka akiba miaka sita. Ni motokaa ndogo ya Kijapani, nayo ilikuwa mali ya kijana mmoja wa mjini. Kijana yule aliipamba sana: aliipaka rangi nyeusi, akaitia magurudumu mapana yenye kung'aa, kisha akaishusha. Kushusha gari maana yake ni kufupisha springi zake ili bodi likae karibu na ardhi. Wengine hununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu zilizo sawa nazo. Wengine hutwaa msumeno tu, wakakata springi za zamani. Hii yangu ilikatwa kwa msumeno, na mbele ilikuwa imeshuka karibu sentimita 5.

Nilipoiona nalipendezwa upesi, nami sitaficha neno hili. Miaka yote nalikwenda shuleni kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki ya kukodi, nikifika nimejaa vumbi hata nywele. Sasa naliona motokaa imelala chini kama chui anayevizia, nikajiona mimi mwenyewe nimeketi ndani yake, watu wakinitazama. Sikumwita fundi aitazame kwa chini. Nalitazama rangi, nikasikiliza injini, nikatoa fedha.

Nilipofika nyumbani, mama wa watoto wangu aliizunguka mara moja, akasema, "Baba watoto, mbona imechuchumaa hivi? Imechoka na safari?" Watoto wakacheka. Mimi sikucheka.

Ni kweli kwamba barabara zetu zimebadilika. Wazee wanakumbuka jinsi safari ya Kasulu hata Kibondo ilivyokuwa wakati wa masika: matope mekundu, malori yamezama, watu wamelala njiani. Kisha ikaja kazi ya kutia lami njia yote ya kutoka Kabingo, kupita Kibondo na Kasulu, hata Manyovu penye mpaka wa Burundi, kilomita 260.6, nayo iligawanywa vipande vinne. Basi nalijisemea moyoni, "Gari la chini lilikuwa halifai zamani, sasa lami imekuja, litafaa." Nalisahau kwamba barabara yangu mimi si lami yote. Shule ninayofundisha iko kilomita 20 kutoka mjini Kasulu, katika njia ya Makere, na kilomita 3 za mwisho ni udongo wenye makorongo. Tena kila kijiji kina matuta yake barabarani. Kwa hiyo kila siku nalikwenda kilomita 20 na kurudi kilomita 20, na kila siku tumbo la gari lilikwaruza mahali fulani. Nalizoea sauti ile kama mtu anavyozoea kikohozi chake.

Mwezi wa Juni 2023, yaani baada ya miezi sita tu, tairi moja la mbele lilianza kupoteza upepo kila siku. Fundi wa pancha alilivua, akanionyesha kwamba limekwisha. Nalikasirika. Kwa nje kashata zake zilikuwa bado ndefu. Nalisema yule kijana aliniuzia matairi ya zamani, nikanunua mawili mapya, nikalipa zaidi ya theluthi ya mshahara wangu. Fundi wa pancha alisema, "Mwalimu, ungepima magurudumu kabla ya kuvaa mapya." Nikamwambia nitapima mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipita, na mingine baada yake.

Tena kulikuwa na dalili nyingine. Gari lilipokwenda sawasawa njiani, usukani wangu ulikaa umepinda kidogo kushoto. Nalijua jambo hilo, lakini gari lilikuwa likienda, nami nalifika kazini kwa wakati, basi nalisema halina neno.

Sasa nitaeleza habari ya siku yenyewe. Jumamosi moja ya Januari 2024, katekista wetu mstaafu aliniomba nimpeleke Kibondo pamoja na mkewe, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wao. Mzee huyu ndiye aliyepiga ngoma ya kutuita kanisani kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Watu wa kwetu waliijua mikono yake kabla ya kuijua sauti yake. Pamoja nao alipanda binti mmoja wa kidato cha pili, niliyemfundisha zamani katika shule yetu, aliyekuwa akirudi shuleni kwake Kibondo. Mzee aliketi mbele karibu nami, na mama na binti wakaketi nyuma.

Twaliondoka asubuhi baada ya mvua. Tulipokuwa tumekwenda kitambo, yule binti akauliza kwa heshima, "Mwalimu, mbona usukani umepinda, na gari linakwenda sawa?" Alikuwa ameona kwa nyuma jambo ambalo mimi mwenye gari nalikataa kuliona mbele ya macho yangu. Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Abiria hamfundishi dereva." Akanyamaza. Mzee alitazama nje dirishani, asiseme neno.

Tukapita Mvugwe. Kabla ya kufika njia panda ya Nduta, katika mteremko wa kuelekea mto Malagarasi, tukisikia tu muungurumo wa lami, tairi la mbele la kushoto likapasuka. Sauti yake ilikuwa kama ya bunduki. Gari likavutwa kushoto, nikashika usukani kwa nguvu zangu zote, likatoka barabarani, likapita katika majani marefu, likagonga kingo za mtaro, likasimama. Nilipogeuka, mama na binti walikuwa wazima, wakilia kwa hofu. Mzee alikuwa ameshika mkono wake wa kulia. Ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko.

Watu walisimamisha magari yao, wakatusaidia. Mmoja alisema, "Hii ni bahati mbaya." Mwingine akasema, "Matairi ya siku hizi si kitu." Mwingine akasema, "Mshukuruni Mungu, maana mto uko hapo chini." Nami nalimshukuru Mungu kweli. Lakini maneno yale mawili ya kwanza naliyapokea kwa furaha, kama mtu mwenye jua kali apokeavyo kivuli, nikayarudia mimi mwenyewe kwa watu wa harusi na kwa watu wa nyumbani: bahati mbaya, matairi mabaya. Mzee alifungwa mkono hospitalini, harusi ikafanyika bila yeye.

Lile tairi lililopasuka nalilirudisha Kasulu. Kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha, nalilipeleka sokoni kwa mzee mmoja ashonaye makatambuga, yaani vile viatu vya mpira wa tairi ambavyo wengi wetu tulivivaa utotoni. Nalitumaini atanipa chochote. Yeye alilipokea, akalilaza magotini, akaingiza mkono kwa ndani, kisha akalizungusha polepole kwa kiganja kama mtu apapasaye mgongo wa ng'ombe anayetaka kumnunua. Akanirudishia.

"Hili siwezi, Mwalimu," akasema. "Upande wa nje ungetoa soli nzuri. Lakini tazama upande wa ndani."

Nikatazama. Upande wa nje kashata zilikuwa bado zimesimama. Katikati zilikuwa zimepungua. Upande wa ndani, ule unaotazama uvungu wa gari, hakukuwa na kashata hata moja. Mpira ulikuwa kipara, laini kama kitako cha chungu, na mahali pa kidole kimoja waya za chuma zilikuwa zimetoka nje, zimeshika kutu. Nikafahamu kwamba kutu haiingii siku moja. Waya zile zilikuwa nje majuma mengi, nami nalikuwa nikipita karibu nazo kila asubuhi na kila jioni.

Yule mzee akaniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Sisi tunaokata matairi tunajua magari ya mji huu kuliko wenyewe. Mtu mwenye kwenda upande, kisigino cha kiatu chake huliwa upande. Gari nalo ni hivyo. Hili gari lako linakwenda upande."

Basi nikaenda kwa fundi. Huyu si mtu wa maneno mengi, lakini alinifundisha kwa saa mbili, na yale aliyonifundisha nitayaeleza hapa kwa lugha nyepesi.

Gurudumu la mbele lina mambo mawili makubwa ya kutazamwa. La kwanza ni kulala kwake. Ukisimama mbele ya gari na kutazama magurudumu yote mawili, yapasa yasimame karibu wima. Gari likishushwa, mikono ya chuma inayoshika magurudumu hupanda juu kuliko ilivyokusudiwa, na katika magari mengi vichwa vya magurudumu huinamiana kwa ndani, kama miti miwili ya paa inavyoinamiana kileleni. Hapo uzito hukaa zaidi juu ya ukingo wa ndani wa tairi. La pili ni kutazama kwake. Ukiyatazama magurudumu kwa juu, yapasa yatazame mbele sawasawa, au kwa tofauti ndogo sana kama alivyoagiza mtengenezaji. Yakitazama nje, ni kama mtu atembeaye na vidole vya miguu nje. Yakitazama ndani, ni kinyume chake. Gari likishuka, fimbo za chuma zinazopeleka nguvu ya usukani kwenye magurudumu hubadili pembe zake, na kwa hiyo hata kutazama kwa magurudumu hubadilika. Katika magari mengine yatatazama ndani. Katika gari langu yalitazama nje.

Nikauliza, "Fundi, ikiwa magurudumu yalitazama nje, mbona gari lilikwenda mbele sawasawa?"

Akanijibu kwa mfano. "Mwalimu, umeona ng'ombe wawili chini ya nira moja? Mmoja akivuta kulia na mwenzake akivuta kushoto kwa nguvu zilizo sawa, jembe litakwenda mbele. Lakini tazama shingo zao jioni."

Kisha tulipima. Kwanza alitia upepo sawasawa katika matairi yote. Pili alishika kila gurudumu la mbele juu na chini, kisha kulia na kushoto, akalitikisa, ili ajue kama bushi, boljointi na ncha za tairodi zimelegea. Maana kama kiungo kimelegea, kupima ni kazi bure. Akaona ncha moja ya tairodi imelegea, akaibadili. Tatu aliinua gari kwa jeki, akazungusha kila tairi na kulichora mstari mwembamba wa chokaa katikati ya kashata. Akalishusha gari juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, akalisukuma mbele na nyuma kidogo ili likae kama likaavyo njiani. Ndipo akapima kwa utepe toka mstari wa chokaa wa tairi moja hata wa tairi la pili: mara moja kwa mbele, na mara moja kwa nyuma, kwa kimo kile kile cha katikati ya gurudumu. Kwa mbele nafasi ilizidi ile ya nyuma kwa milimita 12.

Milimita 12 ni unene wa kidole cha mtoto. Nikasema, "Ni kidogo." Fundi akasema, "Wewe ni mwalimu wa hesabu. Piga hesabu."

Nikapiga, na ninyi wasomaji mnaweza kupiga pamoja nami. Milimita 12 zikigawanywa kwa magurudumu mawili, kila moja lina milimita 6. Tairi langu lina upana wa karibu sentimita 60 toka mbele hata nyuma, yaani milimita 600. Basi kila gurudumu lilikuwa limepinda sehemu 1 kwa 100. Maana yake ni kwamba gurudumu likienda mita 100 kwa njia yake lenyewe, litakuwa limeacha njia ya gari kwa mita 1. Lakini halikuachwa liende zake, kwa sababu mwenzake alilivuta upande wa pili. Kwa hiyo ile mita 1 ilikuwa ni ya kukokotwa kando juu ya lami, kama mtoto anavyokokota kifutio juu ya daftari. Katika kilomita 1 ni mita 10. Katika kilomita 40 za kila siku ni mita 400. Katika siku tano za shule ni kilomita 2. Kila juma, bila kujua, nalikuwa nikiyakokota matairi yangu ya mbele kilomita 2 kando kando, na uzito wake wote uliegemea ukingo wa ndani. Hakuna mpira duniani utakaostahimili kazi hiyo. Nikaona kwamba naliwasingizia watengenezaji wa matairi, na yule kijana, na barabara, na bahati.

Yafaa tukumbuke pia jinsi tairi lilivyo kitu cha thamani. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira pamoja na kibiriti ili usiyeyuke wakati wa joto wala kukatika wakati wa baridi. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alifanya tairi lenye upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tangu hapo dunia nzima imekuwa ikienda juu ya upepo uliofungwa ndani ya mpira. Lakini mahali ambapo tairi la motokaa ndogo hugusa ardhi si pakubwa kuliko kiganja cha mtu mzima. Kwa hiyo baba, mama na watoto wote waliomo garini wanashikwa na viganja vinne tu. Kiganja kimoja kikiwa kipara, wakati wa mvua hakishiki kitu. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria inakataza tairi ambalo kina cha kashata zake kimepungua chini ya milimita 1.6. Upande wa ndani wa tairi langu haukuwa na kina cha kupima.

Fundi alikataa kulinganisha magurudumu, au kama wao wanavyosema, kupiga alaimenti, kabla ya kurudisha kimo cha gari. Alisema, "Nikinyosha leo juu ya springi zilizokatwa, nitakuwa nanyosha juu ya uongo. Ukipakia watu wanne, zitazama tena, na vipimo vitakwenda." Basi tulitafuta springi nzima, tukazipata. Gari likasimama kama lilivyotoka kiwandani. Ndipo akalegeza nati za tairodi, akazungusha upande wa kulia na wa kushoto kwa kiasi kilicho sawa, ili usukani ukae katikati, akapima, akazungusha tena, akapima, hata nafasi ya mbele na ya nyuma zikakaribiana kama ilivyoagizwa kwa gari la namna ile. Kulala kwa magurudumu kulirudi karibu wima kwenyewe, kwa sababu kimo kilikuwa kimerudi. Baadaye nilipopata safari ya Kigoma nalipima tena kwa mashine, ikaonekana fundi wetu hakukosea sana.

Kwa ajili ya wenzangu wenye motokaa, na hata wenye pikipiki na baiskeli, natoa mashauri haya machache.

Kwanza, tazama tairi lote, si upande wa nje tu. Geuza usukani hata mwisho, chuchumaa, upapase ukingo wa ndani kwa mkono, gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Fanya hivi kila mwezi.

Pili, jifunze kusoma. Tairi likiliwa kingo zote mbili na katikati kukabaki, upepo ni mdogo. Likiliwa katikati peke yake, upepo umezidi. Likiliwa ukingo mmoja, magurudumu hayakulingana. Ukipitisha kiganja ukasikia kashata ni laini kwa upande huu na kali kama meno ya msumeno kwa upande wa pili, magurudumu hayatazami sawa. Likiwa na mabonde mabonde, tazama shokapu.

Tatu, usukani ukipinda na gari likaenda sawa, au gari likikuvuta upande mmoja, usisubiri mwisho wa mwezi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, usinunue tairi jipya ili kuficha kosa la zamani. Tairi jipya juu ya gurudumu lililopinda ni kama shati jipya juu ya kidonda.

Tano, vijana wanaopenda magari ya chini, sisemi ni dhambi. Wako wanaoyashusha kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, wakapima kila pembe baada ya kushusha, wakatazama matairi yao kila juma, tena hawapiti makorongo yetu. Lakini anayekata springi kwa msumeno na kwenda zake, amebadili pembe zote za gari lake bila kuziuliza.

Sasa nafika kwenye lile la moyo. Gari lilipokwisha kutengenezwa, nalilala usiku mmoja bila usingizi. Watu wote waliamini kwamba ni bahati mbaya, wala hapakuwa na mtu wa kunihukumu. Lakini mimi nalijua yale mambo matatu: fundi wa pancha aliniambia, usukani uliniambia, na binti aliniambia. Nalikumbuka mafundisho ya Bwana wetu juu ya kikombe kinachosafishwa nje peke yake. Gari langu lilikuwa linang'aa kila Jumapili mbele ya kanisa.

Asubuhi nalikwenda kwa mzee. Nalimkuta ameketi barazani, mkono umefungwa kifuani. Nalimwamkia, nikaketi chini, nikamweleza yote, bila kupunguza: springi, milimita 12, waya zenye kutu, na jinsi nalivyowaambia watu kuwa ni bahati mbaya. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, nalikuwamo garini. Nalimsikia yule mtoto alipokuuliza, nami nalisikia ulivyomjibu. Nalijua siku ile ile."

Nikamwuliza, "Baba, mbona hukusema?"

Akasema, "Siku ile nalinyamaza, nalo ni kosa langu mimi; mkubwa akimnyamazisha mdogo mwenye neno la kweli, mkubwa mwenzake apaswa kusema. Baada ya siku ile nalingoja uje mwenyewe."

Alinisamehe. Mkono wake uliunga, lakini haurudi juu kama zamani, na ngoma ya kanisa sasa hupigwa na kijana mwingine. Mzee huketi karibu naye, akimwonyesha kwa mkono wa kushoto. Kila Jumapili nisikiapo ngoma ile naijua tofauti, ingawa wengine labda hawaijui.

Yule binti naye nalimwandikia barua Kibondo, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya garini, nikamweleza kwamba swali lake lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Na darasani kwangu, tunapofika kwenye sura ya uwiano, natoka na watoto hata penye motokaa yangu, tukiwa na utepe na chokaa. Hupima nafasi ya mbele na ya nyuma, huandika, hupiga hesabu ni mita ngapi tairi litakokotwa mpaka Kibondo. Nimewaambia kwamba mtoto atakayeona usukani umepinda ana ruhusa ya kusema.

Mimi mwalimu wenu,
Kasulu.